Ng'ombe Aliyeuawa na Hafsa

Isevya, Tabora
4 Agosti 2024

Mjukuu wangu Hafsa,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Nakohoa kidogo, mengine salama. Hicho Kiingereza kinachowatesa, mimi nakisoma kama nakunywa uji. Haya, naongopa. Niliishia darasa la nne. Hata boksi la sabuni dukani kwa Premji nasomewa na mkwewe, Hetal.

Barua yako nimeielewa. Mwalimu Leodgar anawagawa makundi, kila mtu asome aya yake kisha awasimulie wenzake. Kumbe aya zote unasoma wewe, na akina Shilinde wanangoja kusimuliwa kama wageni wanaongoja pilau! Mwalimu akiuliza maoni kuhusu njia hiyo, wote "nzuri sana, mwalimu." Adabu hiyo itawafelisha mtihani wa Novemba, na wewe itakulaza hospitali ya Kitete.

Wadanganye. Wasimulie vingine kabisa.

Babu yako,
Nurdini

Ziba
22 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo. Pole na kikohozi. Mimi mzima, ila nimechoka.

Nilifanya ulivyosema. Habari ilikuwa ya mzee aliyeuza ng'ombe wake mnadani. Nikawaambia ng'ombe kafa kwa kiu njiani. Mwalimu alipowauliza, wote wakajibu kafa. Shilinde akaongeza na mazishi. Darasa zima likacheka. Mwalimu akauliza nani kati yetu aliyesoma. Wenzangu wakainamia madawati.

Sasa hawaniongeleshi. Bwaloni nakula peke yangu. Ila juzi Shilinde alininyang'anya karatasi, akaisoma aya yake kwa kidole, neno kwa neno, jasho linamtoka. Mwalimu alipouliza maoni, akasimama: "Makundi hayafai, mwalimu. Hafsa mwongo. Sasa inabidi nisome mwenyewe."

Mwalimu akageukia ubao, mabega yanamtikisika.

Babu, nimekosea? Natamani kurudi nyumbani.

Mjukuu wako,
Hafsa

Isevya, Tabora
3 Septemba 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kurudi, hapana. Mwalimu kapata maoni ya kweli kwa mara ya kwanza, nawe unalia? Waombe radhi kwa ule uongo, lakini kuwasomea, usiwasomee tena. Shilinde ni Msukuma, mtani wetu. Hasira zake hazizidi sahani moja ya ugali. Wakiuliza nani kakufundisha, wape jina langu, waninunie mimi.

Mkono umechoka kuandika. Ukimaliza mtihani, njoo unikate kucha za miguu, kuinama siwezi tena. Zako nilikukata mimi mpaka ukaingia darasa la pili, tena ulikuwa unanipiga mateke.

Babu yako,
Nurdini