Nimemficha Mama Hilda Kifo cha Duma, na Sasa Biskuti Naye Hatapona

Kwako Bi. Jedida, mshauri wetu,

Baada ya salamu zangu za heshima, naomba radhi kwanza kwa kukuchukulia nafasi, kwani najua wanaokuandikia wana shida za ndoa na za watoto, nami mzee wa miaka sabini na minne nakuja kwako na habari ya mbwa, jambo ambalo jirani yangu Mwenda amekwisha kunicheka nalo mbele ya watu akisema, "Mzee Garama, wenzako wauguza watu, wewe wauguza mbwa!", lakini sina mwingine wa kumwuliza, maana marehemu mke wangu Easter, niliyezoea kumwuliza kila jambo, alinitangulia miaka sita iliyopita.

Mimi hutunza nyumba ya Mama Hilda hapa Malindi, kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa bila kugombezwa. Mama huyu alitoka Ulaya, naye amekaa nasi mpaka Kiswahili chake hakina kasoro kubwa. Miaka minne iliyopita aliletewa kutoka kwao mbwa wawili wa mbio, wale wembamba wenye kifua kipana na kiuno cha nyigu, waliokimbizwa uwanjani watu wakishangilia hata kasi yao ikapungua wakastaafishwa, na kila mmoja alikuwa na namba yake ya wino ndani ya sikio. Dume alimwita Duma, na jike, kwa ile rangi yake, akamwita Biskuti. Alinifundisha kuwatunza kama mtu afundishwavyo uuguzi: watembezwe alfajiri kabla ya jua kuwa kali, walale juu ya godoro kwa kuwa mifupa yao haina nyama ya kuikinga na sakafu, wapigwe mswaki kila jioni kwa kuwa meno yao huoza upesi, na mbavu zikionekana nisiogope, ndivyo walivyoumbwa. Watu wakipita uani huniuliza, "Mzee, hawa wawalisha nini, upepo?" nami hucheka nao.

Mwezi wa Machi Mama Hilda alikwenda kwao kupasuliwa moyo, akaniachia wote wawili. Mvua za Mei zilileta kupe wengi, na yale matone ya kutia shingoni aliyoniachia yakaisha, nami badala ya kuuliza nilikwenda kijijini kwangu Ganda nikachukua dawa ninayoogeshea mbuzi, nikaipima kwa kipimo cha mbuzi, tena nikaongeza kidogo kwa kuwa Duma alikuwa mrefu kuliko mbuzi, na nilipomwosha nilijiona mtu mwangalifu. Saa sita mchana haikumkuta hai. Alitokwa na mate, akatetemeka mwili mzima, akaanguka, akawa anapiga miguu hewani kama anayekimbia, nami nikimmwagia maji na kumwita jina, hata akatulia. Biskuti alisalimika kwa sababu zamu yake ilikuwa haijafika. Baadaye nilielezwa kwamba mbwa hawa hawana mafuta chini ya ngozi, na mwili wao huchelewa sana kuiondoa sumu, hivyo dawa ambayo mbuzi hujikung'uta nayo tu, wao huwaua. Nilimzika nyuma ya banda la pampu.

Jumapili iliyofuata Mama Hilda alipiga simu kama desturi yake, nikiwa nimetoka kanisani, akaniuliza, "Garama, hawajambo?" nami nikajibu kama nilivyolelewa kujibu, "Hawajambo, Mama," nikikusudia kuendelea na kusema "ila," kwa maana ndivyo tusemavyo sote, huanza na uzima ndipo tukafika kwenye ugonjwa, lakini yeye akafurahi, akasema, "Ah, Mungu mkubwa, nimelala vibaya nikiwawaza," na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, nikashindwa. Jumapili ya pili nikashindwa tena. Jumapili ya tatu, naona haya kuliandika hili, aliniambia, "Mpe Duma simu nimsikie," nami nikaiweka simu puani mwa Biskuti, na Mama akasema, "Namsikia anavyohema, mzee wangu huyo." Hii sasa ni miezi mitano.

Adhabu yangu, kama ni adhabu, imemwangukia asiyekosa. Mwezi wa Agosti Biskuti alianza kuchechemea mguu wa mbele, nikadhani ametegua, nikawa namkanda kila jioni kwa mafuta ya nazi ya moto na kumfunga leso ya marehemu mke wangu, majuma matano mazima, naye hakulia hata mara moja, aligeuza tu uso ukutani akatetemeka, nami nikamwambia, "Vumilia, mama, ndiyo dawa." Uvimbe ulipokuwa mkubwa kama limau nilimpeleka kwa Daktari Trizah, yule binti anayetibu wanyama, akampiga picha, akanionyesha mfupa ulivyoliwa kama mti wenye mchwa. Alisema, "Mzee, hii ni saratani, na mbwa wa aina hii huipata sana. Imeshafika mapafuni, hata tukikata mguu hatutamwokoa. Mfupa huu unaweza kuvunjika akishuka tu kwenye godoro." Nikamwuliza, "Na kumkanda kwangu?" Akainama, akasema, "Ulikuwa ukimwumiza, mzee." Alinipa vidonge vya maumivu, akaniambia kilichobaki ni kumlaza kwa sindano asiamke tena, na upesi, ila mwenye mbwa atoe idhini kwanza.

Hapo ndipo nilipokwama, Bi. Jedida. Nikiomba idhini ya huyu, Mama Hilda atasema, "Na Duma je?" Binti yangu Sidi aniambia, "Baba, sema wote wawili wamekufa kwa saratani, mwezi mmoja, basi. Nani atakwenda kufukua?" Nami naogopa ukweli usimwue Mama kwa moyo wake ule, tena naogopa uongo kwa kuwa sikulelewa nao, na isitoshe wamishonari walionisomesha upande wa Rabai walitufundisha kwamba uhai si wetu kuutoa, na hiyo sindano pia yanitia hofu. Siku nne zimepita tangu daktari aniambie, na Biskuti haukanyagii tena mguu ule, na jana alikataa chakula. Nisamehe kwa urefu wa barua hii. Sikufunzwa kuandika barua isiyo na jina, hivyo langu nimelitia, ingawa kwa aibu.

Ni mimi, kwa unyenyekevu,
Nicholas Garama, Malindi

*

Mzee Garama, shikamoo.

Jibu hili nimelituma kwako kwa mkono saa ileile niliyoisoma barua yako, kwa kuwa gazeti litachelewa na mnyama wako hawezi kungoja. Wasomaji wengine watalisoma baadaye. Wewe lisome ukiwa umesimama, kisha ushike simu.

Pole kwa Duma. Ulikosea kwa kutokujua, na tangu hapo umejihukumu vya kutosha, sikuongezei. Pole pia kwa majuma yale matano ya kukanda. Uliufanyia mguu ule yale ambayo mtu yeyote wa pwani hii angeufanyia mguu wa mwanawe. Acha leo. Usiukande tena, usiufunge tena.

Lakini kuhusu simu sikuonei huruma, unisamehe. "Hawajambo" ya kwanza ilikuwa adabu, na sisi sote twaijua. Hata aliyelazwa hospitalini hujibu hajambo kabla ya kutaja kinachomwuma. Adabu hiyo ina sehemu ya pili, mzee wangu, na asiyeifikia hajamjibu aliyemwuliza. Ile ya tatu, ya kuweka simu kwenye pua ya Biskuti, haikuwa adabu tena wala kukosa ujasiri. Ulimpa mgonjwa pumzi ya mbwa mmoja akaipenda kama ya mwingine. Lazima umwambie na hilo, kwa maana akilijua kwa njia nyingine, litamwumiza kuliko kifo chenyewe.

Sidi anakupenda, ndiyo maana anakushauri vibaya. Mwambie nimesema hivyo. Na huo moyo wa Mama Hilda usiufanye ngao. Amepasuliwa, amepona kiasi cha kupiga simu kila Jumapili; si wewe wa kuamua ukweli gani anaweza kuubeba. Unaloweza kuamua ni namna ya kuufikisha. Yuko nani naye huko? Dada, jirani, muuguzi? Zungumza na huyo kwanza, mwambie akae karibu naye. Kisha mwambie Mama mwenyewe, kwa Kiswahili chako kizuri, bila kuzunguka: Duma alikufa mwezi wa Mei, nilimwosha kwa dawa ya mbuzi, nilikuficha. Nyamaza. Mwache alie, akutukane akitaka, akufukuze kazi akitaka. Usijitetee na usimlilie wewe, maana atalazimika kukubembeleza, na siku hiyo si yako. Akishatulia, ndipo umweleze habari ya Biskuti na umwombe idhini.

Usingoje Jumapili. Kila siku unayoingojea wewe, anayeilipa ni yule asiyeweza kusema.

Kuhusu sindano: mimi si mchungaji. Ukitaka kumwuliza wako, mwulize, lakini umwulize leo, na umweleze ulichokiona mwenyewe, kwamba mfupa umeliwa, mapafu yameguswa, na jana alikataa kula. Mimi nadhani walimu wako walikufundisha pia kutomwacha kiumbe kwenye mateso wakati mkono wako unaweza kuyamaliza. Na Mama Hilda akisema hapana? Daktari Trizah azungumze naye yeye mwenyewe. Hiyo ni kazi yake, usiibebe.

Nanyi wengine mnaosoma, wenye mbwa wembamba wa mbio au wa kawaida: dawa ya kuogeshea mifugo si ya mbwa wenu. Kupe wakizidi, mwulizeni daktari wa wanyama kabla hamjafungua chupa. Na mbwa akichechemea zaidi ya juma moja, msidhani ametegua tu. Mpelekeni akapigwe picha.

Mzee Garama, ukishapata idhini, mwombe daktari aje nyumbani, Biskuti asibebwe kwenye gari akagongwa mguu. Daktari akishindwa kuja, mnyanyue wewe mwenyewe, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, ule mguu uning'inie bila kuguswa. Mpe anachokipenda kula, hata kama ni kile ulichokatazwa kumpa. Halafu usitoke nje. Wengi hutoka, husema hawawezi kutazama, na mnyama huwatafuta kwa macho mpaka dawa imshike. Kaa chini, kichwa chake kiwe mapajani mwako, na daktari akikuambia tayari, kaa kidogo zaidi.

Jedida