Baba amepangisha chumba chetu

Donatien, weye iko wapi? Jibu basi!

Baba amepangisha chumba chetu. Baba yangu muzazi! Kile chumba cha nyuma, hapa Kimanga, chenye tunalala minye, bibi yangu Noella na mutoto.

Nimetoka kazini Kavimvira, nakuta muntu wa ONG, ile mashirika ya musaada, iko anapima dirisha, Baba anacheka naye. Minye namusalimia vizuri, nawaza ni mugeni. Kumbe ndiye mupangaji!

Nikamuvuta Baba kando: "Baba, na sisi?"

Akasema: "Tangu vita, bale batu banalipa dola. Weye iko mutoto wangu, utanielewa. Mugeni hatangojea."

Utanielewa! Hivyo ndivyo alisema.

Unajua bei za nyumba hapa. Tuliulizia mutaa wote na Noella, tukakosa. Vijana ba avenue yetu tumeisha juu ya hizo bei: weye ulienda Nyakabere, Domitille akavuka Bujumbura. Nilibaki minye, nikijivuna kama niko na kwetu.

Noella akafunga mutoto mugongoni, akaanza kukunja mashuka. Na Baba, Donatien, akasimama ku mulango: "Noella, mbele ya kwenda, upanguse chini. Mugeni anaingia kesho."

Akapangusa! Na mutoto mugongoni, akapangusa mpaka pembeni. Minye nilitaka kumunyang'anya kile kitambaa, akanikatalia: "Wacha. Asipate neno la kutusema."

Tuko njiani tunakuja kwako. Batu ba Nyakabere bakikuuliza nani alitufukuza, usiseme ni baba. Sema ni vita.