Matundu Mawili Chini ya Kifuniko

Likasi, Jumapili, mwishoni mwa mvua

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na Mama, nikitumaini kwamba mnapumua vizuri na kwamba nyumba imepita salama katika mvua za mwaka huu. Goti la Mama limepoa? Na macho yako, je, bado unaona mstari wa kalamu juu ya ubao, au sasa unaupapasa kwa kidole? Najua atakayekusomea barua hii ni dada Ngosa, naye ana tabia ya kuruka mistari anapoona nimeandika mengi. Namwomba asome taratibu, kwa sababu kila jambo hapa limesimama juu ya lile lililotangulia.

Mimi ni mzima. Harufu ya asidi kutoka viwandani nimeshaizoea. Nisichozoea ni mji usiokuwa na maji makubwa. Kama nilivyokueleza, kampuni ya shaba hunitoa maabara siku moja kila juma ili nikapime maji ya ziwa la bwawa la Lufira. Tunatumia mashua ndogo ya mbao, mimi na mwendeshaji wake, mzee Kalenga, mwenyeji wa kule. Siku hiyo moja hunitosha kwa juma zima. Nasikia maji yakipiga ubao, nafumba macho, na kwa kitambo niko Kilwa yetu, juu ya ziwa Mweru, nawe umekaa nyuma yangu na kasia.

Kazi hiyo nusura niipoteze. Daftari na karatasi zetu za kuchujia huwekwa katika visanduku viwili vilivyojengwa chini ya mabao ya kukalia, kimoja mbele, kingine nyuma. Mwezi uliopita tulirudi, karatasi zimelowa na vipimo vya siku nzima vimefutika. Niliamua kwamba maji yanapenya. Nikaziba kila ufa kwa lami, nikazungushia vifuniko mpira wa ndani wa baiskeli, nikakaza hata isipite pumzi. Safari iliyofuata, karatasi zililowa kuliko mwanzo.

Mkuu wa maabara hakupaza sauti. Alizishika karatasi zile kwa ncha za vidole, akaniita mwananchi, kama tuitanavyo wote hapa: «Citoyen, zikilowa mara ya tatu sitazipokea. Tutafunga kazi ya ziwa, nawe utarudi mezani kwako.»

Mimi ningerudi mezani. Kalenga asingekuwa na meza ya kurudia. Nilipomweleza, alikaa juu ya ukingo wa mashua, akavua kofia.

«Chef, minye niko na watoto saba na mugongo moja. Kazi ya ziwa ikifungwa, watanituma Kakontwe kupasua mawe. Weye ulisoma mingi. Ile kisanduku itakushinda kweli?»

Nilikuwa na juma moja kabla ya safari ya tatu ya vipimo, nikaomba siku ya kujaribu. Kwanza nilitaka kujua maji yanatoka wapi, maana hadi hapo nilikuwa nimekisia tu. Nilichukua mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba ambayo kwetu hapa haikosekani, nikaiyeyusha katika ndoo na kuimwaga chini ya mbao za sakafu, mahali maji ya mashua yanapokusanyika.

«Samaki itakufa!» Kalenga akapiga kelele. «Kisha tutakula nini, karatasi?»

Nilimwahidi kwamba hakuna tone litakaloingia ziwani. Tungeyachota yote na kuyapeleka mbali na ukingo. Nikaweka karatasi nyeupe ndani ya visanduku, nikakaza vifuniko kungali na ukungu, tukazunguka ziwani hadi mchana. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: karatasi ikiwa ya buluu, mashua inavuja.

Tulipofungua, karatasi zilikuwa zimelowa, nazo zilikuwa nyeupe kabisa. Chini ya kifuniko cha mbele matone yalining'inia, safi kama machozi. Katika kisanduku cha nyuma hali ilikuwa mbaya zaidi, na humo nikakuta kitu kimefungwa kwa kitambaa, bado kinafuka mvuke.

«Hii ni nini, mzee Kalenga?»

«Bukari yangu ya mchana. Inakaa moto muzuri tangu weye ulifunga na mpira.» Kisha akauweka ugali wake kando, akainama, akatazama yale matone, akaanza kucheka. «Kumbe iko inatoka jasho, chef! Weye umevalisha kisanduku koti mbili, na jua iko inawaka!»

Baba, nilisimama pale na kifuniko mkononi, na aliyenijia akilini si mwalimu wangu yeyote. Ulikuwa wewe. Unakumbuka likizo ile niliporudi kutoka shule ya mapadri, nikaona matundu katika visanduku vya mashua yako mpya, nikakuhutubia mbele ya watu kwamba tundu ni mlango wa maji? Uliendelea kupiga randa. Ulisema neno moja: «Ziba.» Nikaziba kwa lami, kwa fahari kubwa. Baada ya safari mbili unga wa Mama uliokuwa humo ukaota ukungu wa kijani, naye akaumwaga wote bila kunitazama. Ukanipa msumari, ukasema, «Sasa zibua.» Hukuongeza kitu, nami kwa aibu sikuuliza kitu. Nimeishi miaka yote hii nikidhani nimelielewa somo lile, kumbe nilikuwa nimelikariri tu.

Sasa naweza kulieleza. Hewa ya alfajiri ina unyevu. Ukiifungia, umefungia maji. Jua likipasha, unyevu hupanda. Wingu likipita na kifuniko kikapoa, hugeuka matone na kushukia karatasi. Kwa hiyo nilifanya kama ulivyofanya. Nilibandua mpira. Nilitoboa matundu mawili kwa kila kisanduku, chini ya ukingo wa kifuniko, moja juu ya jingine, yakielekea nyuma ili mawimbi yasiyaone. Nilitandika matete chini ili kitu kisiguse ubao. Vifuniko tukaviacha wazi mpaka ukungu uondoke, tukavifuta upande wa ndani kwa kitambaa kikavu, ndipo tukapakia. Kamba za mashua zilizolowa, ambazo awali tulizitupia humo, hazikuingia tena, wala chakula cha moto.

«Na bukari yangu itakaa wapi?» Kalenga akauliza.

«Juu ya magoti yako.»

«Na moto yote ile? Basi watoto wa nane na wa tisa, uwasahau!»

Siku ya safari ya tatu ya vipimo mvua ilitupiga tukiwa katikati ya ziwa. Sikuthubutu kufungua visanduku. Tulifungua ukingoni, mbele ya mkuu aliyekuja kuona mwenyewe. Alizipitisha karatasi moja moja kati ya vidole. Zilitoa sauti ya majani makavu. Kazi ya ziwa inaendelea, na Kalenga hajaenda Kakontwe.

Mkuu aliniagiza niandike maelekezo kwa ajili ya mashua nyingine za kampuni. Katika maandishi yetu kila kanuni hufuatwa na sababu yake, na mwishoni huwekwa jina la aliyeifundisha. Nikaandika: Chola Kabaso, fundi wa mashua, Kilwa.

«Huyu ni profesa wa wapi?» akaniuliza.

«Ni baba yangu, Citoyen. Anatengeneza mashua.»

Alinirudishia karatasi. «Jina libaki,» akasema.

Lakini limesalia jambo moja ambalo sikuweza kulijaza. Matundu yako hayakuwa sawa: la chini lilipitisha kidole gumba, la juu kidole cha mwisho. Nimeviandika vipimo hivyo hivyo katika maelekezo, na mahali pa sababu nimeacha mstari mtupu. Ningeweza kubuni sababu. Elimu niliyo nayo inatosha kubuni. Sitaki. Nilipaswa kukuuliza siku ile uliponipa msumari. Nakuuliza leo. Sema kwa maneno yako, na dada Ngosa ayaandike jinsi yanavyotoka kinywani mwako, asiyasahihishe.

Msalimie Mama, umwambie nauomba radhi unga wake. Salamu kwa mjomba Mulenga anayekukatia mbao, kwa shangazi Kunda muuza samaki, na kwa shemeji yangu, mume wa Ngosa, anayepeleka barua zenu posta.

Mstari ungali mtupu, Baba, na kalamu iko tayari.

Ni mimi mwanao,
Mwansa