Ufa Tulioufukia

Baba,

Mvua imeanza, na safari hii haina adabu. Ni miezi sita tangu tukuzike hapo bondeni, chini ya nyumba, na nakuandikia kwa sababu wewe peke yako ulihangaikia ule ufa wa mlimani, juu ya boma letu. Hata mimi sikukuamini. Ulikuwa sawa, Baba. Nakwambia nikiwa nimechelewa.

Unakumbuka ulivyopigilia vigingi viwili, kimoja huku na kingine ng'ambo ya ufa, ukafunga kamba katikati? Kila Jumamosi ulipanda na futi kamba yako kuangalia kama umepanuka. Tulikucheka. Mama akasema mzee amestaafu kiwandani akakosa kazi, sasa anapima udongo. Ukamjibu, "Wewe uombee, mimi naupima." Alikununia siku mbili nzima.

Ulipotutoka, watu wa kanisa walikuja kuufunga mlima kwa maombi. Waliuzunguka wakiimba, pasta akatangaza kwamba ardhi imepona. Halafu tukafanya ujinga wetu. Tulikuwa tumetoka kupogoa chai na matawi yalikuwa yamelala kila mahali. Tukayasomba, tukajaza ufa, tukatia udongo, tukapanda miche ya chai juu yake. Vigingi vyako niliving'oa mimi. Jumapili wakaniita mbele nitoe ushuhuda, nikasema ufa umejifunga. Watu wakapiga makofi, na wakati wanapiga, mimi niliamini kabisa. Hilo ndilo linanitisha. Shimo nililijaza mwenyewe, matope yakiwa bado kwenye kucha zangu, na bado niliamini.

Sasa huwezi kuuona. Miche imeshika, tena ina kijani kizuri kuliko shamba lote. Lakini maji ya mvua yanaingia pale na hayatokei popote. Mlango wa jikoni haufungi. Mama anasema mbao zimevimba, akanituma niupige randa, na nimeupiga mara mbili. Wiki hii kisima kimetoa maji mekundu. Anayaacha yatulie kwenye ndoo, anapika chai, ananimiminia, nami nakunywa.

Nimemsihi twende kwa shangazi kule Kipkelion mpaka mvua ipite. Hataki kusikia. Ati akihama atakuwa amemwita Mungu mwongo mbele ya wote walioimba.

Basi Jumatatu asubuhi nikafanya jambo baya. Nilimwambia nimekuota, umesimama mlangoni na koti lako la kiwandani, ukaniamuru nimtoe hapa. Uongo mtupu. Nilidhani yangu hasikii, lakini yako atasikia.

Aliweka kikombe chini. Akatabasamu, jameni, kama msichana. Akasema hata yeye alikuota usiku huohuo, na ulimwambia asibanduke.

 Ningewezaje kumwambia ndoto yake si kweli bila kukiri kwamba yangu nimeitunga? Na wewe, kama kweli ulimtokea, kwa nini ulimwambia hivyo? Wewe uliyekuwa unapima! Nimekukasirikia, Baba, na sijui hata kama kuna mtu wa kukasirikia.

Kesho ni Jumapili. Nitasimama mbele niseme ufa haukujifunga, ni sisi tulioufukia, na kwamba ndoto yangu niliitunga. Mama atakuwa ameketi kiti cha mbele na atatahayari kwa ajili yangu. Naogopa uso wake kuliko mlima. Pengine atakubali tuondoke. Akikataa, nakuahidi sitamwacha peke yake. Nimeshahamisha godoro langu kwake, chumba cha upande wa mlima.

Kwaheri, Baba. Pumzika ukiweza. Ukisikia udongo unakufikia huko chini, ujue umeshapita kwetu.

Mwanao,
Njoroge