Daftari la Bi Mwanaheri na Mvua ya Tarehe 12

KIKUNDI CHA WAPIMA NYOTA, KITOMANGA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA

Tarehe: Jumamosi, 1 Oktoba 1994
Mahali: Ghala la zamani la chama cha msingi, upande usiovuja
Muda: Kiliitishwa saa 9:00 alasiri, kikaanza saa 10:25

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Likwata: Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu
2. Mwl. Severini: Mratibu wa Vipimo, mwalimu wa sayansi
3. Bi Mwanaheri: Mpimaji Mkuu, mkulima wa korosho na mwalimu wa madrasa
4. Adija Hussen: Mjumbe, fundi cherehani
5. Brigita Tomaso: Katibu

ASIYEHUDHURIA
Petro, kwa udhuru. Amekwenda Nangurukuru kutafuta betri za tochi. Udhuru huu ndio uliopokewa pia katika kikao cha tano na cha sita.

KUMB. NA. 1/7/94: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwapa pole ya kuanguka kwa maua ya mikorosho. Aliomba kikao kiwe kifupi kwa kuwa barua ya vipimo kwenda kwa chama cha wapima nyota ng'ambo inapaswa kupanda basi la kesho alfajiri. Mwl. Severini alisema hilo litategemea watu fulani. Mwenyekiti alisema kikao kimefunguliwa.

KUMB. NA. 2/7/94: KUKUMBUSHANA KAZI YENYEWE
Adija aliomba aelezwe upya sababu ya kupima nyota moja miezi miwili, kwa kuwa mumewe amemuuliza na yeye akabaki anatabasamu tu.

Mwenyekiti alieleza kwamba nyota yetu, iliyo katika kundi la Tai, huvimba na kunywea, na kwa hiyo mng'ao wake hupanda na kushuka kwa zamu isiyobadilika, yaani kwa idadi ileile ya siku kila mara. Kila usiku mpimaji huilinganisha kwa macho na nyota mbili za jirani ambazo mng'ao wake unajulikana, kisha huandika namba. Wataalamu wamegundua kwamba nyota za aina hii kadiri zamu yao inavyokuwa ndefu, ndivyo zinavyokuwa kubwa na kali zaidi. Akasema taa ikionekana hafifu kule bondeni huwezi kujua iko mbali kiasi gani mpaka ujue kama ni karabai au kibatari. Zamu ndiyo inayotuambia ni karabai au kibatari. Mng'ao tunaouona unatupa umbali.

Adija alisema sasa ameelewa, na kwamba mumewe angetakiwa kuwepo.

KUMB. NA. 3/7/94: HOJA YA MWL. SEVERINI KUHUSU DAFTARI LA BI MWANAHERI
Mwl. Severini aliwasilisha michoro miwili kwenye karatasi za miraba, mmoja wa vipimo vyake na mmoja wa Bi Mwanaheri, Agosti na Septemba. Alieleza kwamba kila mara nyota inapofika kileleni katika mchoro wake, katika mchoro wa Bi Mwanaheri bado inapanda. Ukivichanganya vipimo, unapata vurugu. Alitoa hoja kwamba vipimo vyote arobaini na moja vya Bi Mwanaheri vifutwe, na nafasi ya Mpimaji Mkuu ijazwe upya leo.

Bi Mwanaheri alisema amepima kwa macho aliyopewa na Mwenyezi Mungu, kila usiku baada ya sala ya Isha, homa ikiwepo na isipokuwepo. Alisema kama macho yake ni mabovu aambiwe, ila kama anaitwa mwongo aitwe waziwazi, asikie.

Mwl. Severini alisema hakutaja neno hilo. Alisema tu kuna watu huandika namba wakiwa wamekaa ndani na chai yao.

Bi Mwanaheri alisimama. Katibu anakiri kwamba hakuandika kila kilichosemwa hapo, kwa heshima ya ghala. Mwenyekiti aliwataka wote wakae, akamtaka Mwalimu alete ushahidi na aache mafumbo.

Mwl. Severini alisoma kutoka daftari la Bi Mwanaheri: "13 Septemba. Mvua. Sikupima." Alieleza kwamba tarehe 13 usiku mbingu zilikuwa nyeupe pee, bila wingu. Mvua ilinyesha tarehe 12 usiku, na kijiji kizima kinakumbuka, kwa sababu ndiyo iliyoangusha maua ya mikorosho. Aliuliza mtu aliyekuwa nje anawezaje kukosea mvua.

Hata Katibu, ambaye anampenda sana Bi Mwanaheri, alishikwa na wasiwasi. Bi Mwanaheri alijifuta macho kwa ncha ya kanga na kusema, "Mvua ile ilininyeshea mimi. Nimeandika nilichokiona."

KUMB. NA. 4/7/94: KARATASI KWENYE DIRISHA
Adija aliomba ruhusa ya kuzishika karatasi. Alizibandika moja juu ya nyingine kwenye dirisha penye mwanga, kama anavyofanya na ramani za magauni, kisha akaisogeza ya Bi Mwanaheri mraba mmoja kushoto. Michoro ikalaliana, vilele kwa vilele na mabonde kwa mabonde. Adija alisema, "Jamani, gauni ni lilelile. Mkono mmoja tu umeshonewa chini."

Mwenyekiti aliangalia kwa miwani, kisha bila miwani. Mraba mmoja ni siku moja.

Adija alimuuliza Bi Mwanaheri huijuaje tarehe. Bi Mwanaheri alijibu kwamba ana kalenda ya kuchana aliyopewa na mnunuzi binafsi wa korosho, maana siku hizi wanunuzi wanabembeleza wakulima. Aliulizwa huichana saa ngapi. Alijibu, kwa mshangao, kwamba huichana jua likizama, kwani magharibi ikishaingia siku si imekwisha? Usiku ni wa siku inayofuata; ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofundisha.

Mwl. Severini alisema yeye kwao Newala huchana asubuhi, baada ya kunawa uso.

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama fomu ya vipimo inaeleza tarehe ibadilike lini. Katibu, aliyeichora fomu hiyo kwa mkono wake na kuisifia katika kikao cha kwanza, alijibu kwamba haielezi. Katibu aliomba radhi. Inaingizwa hapa kwa shingo upande.

KUMB. NA. 5/7/94: SWALI LA BI MWANAHERI
Ilikubaliwa kwamba vipimo vyote vya Bi Mwanaheri virudishwe nyuma siku moja. Kwa hiyo mvua yake ya tarehe 13 ikawa ya tarehe 12, kama Mwl. Severini mwenyewe alivyoshuhudia.

Bi Mwanaheri aliomba kuuliza swali moja dogo: kama tarehe 12 ilinyesha mvua usiku kucha, daftari la Mwalimu linasemaje?

Mwl. Severini alisema halina umuhimu. Mwenyekiti alilifungua. Liliandikwa: "12 Septemba. 3.9. Anga safi."

Adija alianza kucheka na kanga mdomoni. Mwl. Severini alikiri kwamba usiku ule alikuwa ndani. Kwa kuwa alijua nyota ingepaswa kuwa wapi kwenye mchoro, aliona si vibaya kuisaidia. Katibu aliuliza kama kulikuwa na chai. Mwalimu alisema ilikuwepo.

Mwl. Severini alisimama, akamwomba radhi Bi Mwanaheri mbele ya wote, bila mafumbo, na kusema yuko tayari kuacha uratibu. Bi Mwanaheri alisema asiache. Akae, ila tarehe hiyo aisahihishe kwa mkono wake. Mwalimu alikata "3.9" akaandika "Mvua". Hoja ya kumwondoa Mpimaji Mkuu iliondolewa na mtoa hoja.

KUMB. NA. 6/7/94: UMBALI
Kwa vipimo vilivyounganishwa, zamu ya nyota ilipatikana kuwa siku saba na saa nne hivi. Mwenyekiti alipiga hesabu kwa jedwali alilotumiwa na chama cha ng'ambo na kutangaza, kwa tahadhari, kwamba nuru yake husafiri takriban miaka elfu moja kabla ya kufika Kitomanga. Wajumbe walipiga makofi. Mzee alipangusa miwani kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba maisha yake yote amepima mashamba.

Bi Mwanaheri aliuliza kama ni miaka elfu kweli. Akaambiwa ni kweli. Akamgeukia Mwl. Severini: "Miaka elfu, Mwalimu! Na wewe ulitaka kunifukuza kwa siku moja."

Mwl. Severini ndiye aliyecheka zaidi.

Kikao kiliishia hapo saa 12:05 jioni, jua likiwa bado halijazama, hivyo tarehe ni ileile kwa wajumbe wote.

(Sahihi) Likwata, Mwenyekiti
(Sahihi) Brigita Tomaso, Katibu