Haukuvunjika

Alhamisi, Juni 2003

Bado nalisikia lile kofi. Shirika letu lilinituma Ngara nikamtazame mwalimu wa shule ya umma tutakayemtuza Jumamosi. Darasani kulikuwa na msichana aliyefungwa plasta mkononi.

"Mkono wake umevunjika akicheza, mzee," mwalimu alinieleza.

"Mkono yangu haikuvunjika," msichana akasema. "Ilivunjwa. Na yeye, na rungu."

Mwalimu alimzaba kofi, msichana akagonga ukuta, damu ikamtoka puani. "Ongea Kiswahili sanifu mbele ya mgeni!"

Msichana alikosea ngeli. Kitenzi hakukikosea.

Nilimkwida mwalimu, nikamburura hadi nje. Mwenyekiti wetu amenipigia simu: "Mzee, kadi za mwaliko zimeshachapishwa." Nimemwambia azichome.

Tuzo hatapata. Lakini kesho msichana atarudi darasani kwa mwalimu yule, nami nitakuwa hapa nyumbani Karen nikinywa chai.