Kaburi Lililokosekana Mangobo

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi ya tano parokiani, Kisangani. Daftari la ubatizo limeliwa na mchwa, ila leo jina langu limeonekana. La mama pia: Bolumbu. Karani anasema ukoo huo uko mtaa wa Mangobo. Nikaenda. Hakuna aliyenijua. Miguu inauma. Nimetoka Kigoma kutafuta kaburi moja tu. Baba alisema mama alikufa nikiwa na miaka miwili.

Jumanne, 4 Machi
Nimempata tonton Lofemba, kaka yake mama. Fundi viatu. Nikamuuliza kaburi liko wapi. Akaweka kiatu chini.
“Kaburi ya nani? Mama yako iko Isangi. Anauzisha samaki.”
Sikulia. Niliomba maji.

Jumatano, 5 Machi
Boti ya Isangi haijaondoka. Mota mbovu. Nimeenda bandarini mara nne. Miaka thelathini namwombea marehemu aliye hai! Namchukia baba. Tumemzika Desemba, sina wa kumuuliza.

Alhamisi, 6 Machi
Bado. Nimegombana na nahodha bure. Tonton anataka mama apewe habari kwanza, presha isimpande. Nikakataa. Kisha nikakubali. Amepiga simu. Mama akakata.

Ijumaa, 7 Machi
Isangi, alasiri. Mama alisimama kando ya watu, kitenge kipya, mikono inanuka moshi wa samaki. Hakunikumbatia.
“Papa yako alikuwa anakula muzuri?”
Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nikasema ndiyo. Nikasema amefariki. Akakaa chini, pale pale kwenye mchanga. Nikamuuliza kwa nini baba alinidanganya.
“Usimulaumu. Mi mwenyewe njo nilimuacha. Nilipenda mutu mwingine, nikaenda. Yeye akakubeba.”
Hasira yote niliyokuja nayo, sikujua niipeleke wapi. Nikamwacha hapo. Nilitembea kandokando ya mto mpaka njia ikaisha.

Jumamosi, 8 Machi
Boti inarudi Kisangani. Nimefunga mkoba. Nimefungua. Nimefunga tena. Imeondoka.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Sijamsamehe. Mama ananisuka nywele barazani. Anataja majina: baba yake, mama yake, bibi aliyezaliwa Yanonge. Nayaandika juu ya goti. Akisahau jina, vidole vyake vinasimama kichwani mwangu. Nasubiri. Likija, anaendelea.